Neno Nililodai Nalijua

Jumanne, 4 Machi

Naandika kwa sababu simu yangu iko polisi. Wanasema ni kielelezo. Daftari hili nimelitoa kwenye sanduku la vitabu vyangu. Kurasa zake nilizipiga mistari mwenyewe kwa rula, safu tatu: neno, maana, sentensi. Ndivyo nilivyofundisha msamiati wa Kiingereza miaka ishirini na sita. Aliyejua maana akashindwa kutunga sentensi nilimpa sifuri, na aliyelia nilimwambia alie kwa Kiingereza.

Nieleze basi nilivyofika hapa. Mtihani wa Kiingereza ulivuja. Bahasha zilikutwa zimefunguliwa, na ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwangu. Sikuvujisha kitu. Nimelisema hilo mara nyingi mno, mpaka sasa nikilisema najisikia kama mtu anayekariri.

Jana hakimu alinipa dhamana. Dada yangu, mjane anayeishi kwa kufua mashuka ya nyumba ya wageni, aliweka hati ya nyumba yake mezani. Nikivunja sharti, nyumba inakwenda na mimi naingia ndani. Sharti limeandikwa kwa Kiingereza: mpaka kesi iishe, nisitoke nje ya curtilage ya nyumba ya dada. Hakimu akanitazama juu ya miwani.

"Mwalimu, sharti litafsiriwe?"

"Hapana, mheshimiwa. Nimefundisha lugha hii miaka ishirini na sita."

Watu wakacheka, kicheko cha kunipenda. Nikavimba kichwa kidogo, sitaficha. Ulikuwa umepita mwezi mzima bila mtu kunicheka kwa wema.

Silijui neno lile. Sijawahi kulisoma popote wala kulisikia kinywani mwa mtu. Kamusi niliyo nayo hapa ni ya shule, nyembamba. Inatoka curtain inarukia curtsy kana kwamba katikati hakuna kitu. Ile kubwa iko kabatini shuleni, na shule ndipo mahali pa mwisho ninapoweza kukanyaga.

Tulipofika mlangoni Dada aliniuliza, "Mwisho wako wapi, mdogo wangu?"

Nilitazama chini, nikaona kizingiti. "Hapa," nikasema. "Neno lile lina maana ya ndani ya nyumba. Kizingiti ndio mwisho."

Alikitazama kizingiti, kisha akasema, "Haya. Wewe ndiye mwalimu."

Nimeliandika neno kwenye safu ya kwanza. Ya pili na ya tatu nimeziacha wazi.


Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimehesabu vigae vya sebuleni. Mia moja arobaini, viwili vimepasuka.


Alhamisi, 6 Machi

Askari wa kunikagua amekuja. Ni mtu mnene, mpole, mwenye viatu anavyovipenda kuliko kazi yake. Alisimama getini akaniita, "Mwalimu, njoo usaini." Nikamjibu nikiwa mlangoni, "Njoo wewe." Uani palikuwa matope matupu. Alinikodolea macho kama mtu aliyetukanwa, kisha akaja akirukaruka juu ya matofali, akinung'unika. Nilisaini. Sikuona haja ya kumweleza amri ya mahakama mtu ambaye anapaswa kuijua.

Uani kwenyewe nakuona kutoka mlango wa nyuma na dirisha la jikoni, basi. Kuna sakafu ya saruji ya kufulia, tangi la maji, kamba sita za kuanikia, na kibanda cha bati anapowekea Dada mkaa na mabeseni. Kisha ukuta wa matofali na geti la chuma. Zaidi ya hapo ni ghorofa, na kwenye ghorofa, roshani ya pili, anakaa mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Redio. Sina haja ya kueleza sababu. Leo askari alipoondoka, mwanamke huyo alikuwa ameegemea chuma cha roshani ameshika shavu, anatazama hapa.


Jumapili, 9 Machi

Wakili amekuja. Nilimfundisha mimi, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Alikuwa na mwandiko mbaya na kiburi kizuri. Ananitetea bure. Alisema "Shikamoo, Mwalimu" na akakaa ukingoni mwa kiti kama bado nina chaki mkononi.

Tulipomaliza mambo ya ufunguo na bahasha, akapekua karatasi zake. "Kuna lolote hujaelewa kwenye masharti, Mwalimu?"

Hapo ndipo ningeuliza. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

"Kijana," nikasema, "nani alikufundisha kusoma?"

Akacheka, nami nikacheka. Alipokwenda nilikaa pale pale mpaka kiti chake kikapoa.


Jumatano, 12 Machi

Leo nimeielewa kazi ya Dada, baada ya miaka yote ya kuwaambia watu kwamba "anajishughulisha". Mashuka arobaini kila siku ya pili. Anayaloweka, anayasugua, anayasuuza mara mbili, anayakamua kwa kuyasokota, anayaanika. Shuka moja la kitanda kikubwa likilowa ni zito kama mtoto aliyelala. Jua likitoka anaanika, wingu likija anakimbia kuanua, jua likirudi anaanika tena. Leo amefanya hivyo mara nne. Mimi nilimshikia mlango.

Yasiyokauka yanaletwa ndani. Tumefunga kamba kutoka dirisha hadi dirisha, na sasa sebule ina kuta mpya nyeupe, ukumbi hivyo hivyo. Ninapita katikati ya mashuka nikiyasukuma kwa paji la uso. Harufu ya sabuni na unyevu imeingia mpaka kwenye mkate. Nisipomwita Dada sijui yuko chumba gani.

Nimejitolea kupiga pasi. Ni pasi ya mkaa na sikuwa nimeigusa tangu ujana. Nimeunguza moja, juu kabisa ya muhuri wa nyumba ya wageni. Dada alilitazama shuka, akanitazama mimi. "Hili tutalitandika chini yako," akasema.


Jumamosi, 15 Machi

Mvua kutwa. Sina la kuandika.


Alhamisi, 20 Machi

Askari tena, getini tena. "Mwalimu, leo kuna matope sana, hebu jongea." Nikasema sijongei. Alipofika mlangoni alivua kiatu kimoja, akakikung'uta mbele yangu. Redio alikuwa juu, anatutazama kwa macho yake ya bure. Nina hakika ndiye anayepeleka habari kituoni. Nikiweka kidole tu nje ya mlango huu, kabla ya jioni wamejua hata nilivaa ndala za rangi gani.

Nimekata shauri: nikiwa mlangoni nitasimama nyuma ya kizingiti, si juu yake.


Jumapili, 23 Machi

Tumekorofishana na Dada. Niandike yote, nisijitetee.

Alikuwa na mashuka mazito, yale ya vitambaa vinene, na mgongo umemkaza tangu juzi. Akaja mlangoni, maji yakimtiririka viwikoni. Akasema kwa upole, "Mdogo wangu, ungenishikia tu upande mmoja tukamue. Hapo uani tu. Hatua mbili tatu."

"Dada, unataka nifungwe?"

"Hapo uani?"

"Sheria ni sheria. Hati ya nyumba ni yako, si yangu. Nikitoka, ni wewe utakayelala barabarani."

Alinitazama kwa muda, kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Nilidhani ataniuliza zaidi. Hakuuliza. "Sawa," akasema. "Kama huwezi kutoka, huwezi." Akarudi akafunga ncha moja ya shuka kwenye nguzo ya kibanda, akaikamua nyingine peke yake, akizunguka nayo.

Nilimtazama mpaka akamaliza. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni hasira juu ya nani. Sasa najua kwamba nilitamani anibane. Angenibana kidogo tu, ningemwambia kwamba silijui neno lile, na yote yangekwisha siku hiyo. Lakini yeye hanibani. Tangu tukiwa watoto yeye ndiye aliyeacha shule ili mimi niendelee, na tangu hapo kila ninalosema kwake ni kitabu.


Alhamisi, 27 Machi

Askari. Matope. Saini.


Jumatano, 2 Aprili

Nimetoka leo. Askari alinifuata kunipeleka mahakamani. Nilivuka ua pembeni yake kama bwana harusi, na katika kupita nikagusa shuka lililoanikwa. Lilikuwa na joto la jua. Nilitaka kusimama hapo.

Kesi imeahirishwa. Shahidi hakufika. Pale kaunta karani wa mahakama, mwanamke mwenye kalamu nywelini, aliniuliza, "Mwalimu, huko nyumbani unaendeleaje?" Nyuma yangu palikuwa na foleni, na wawili katika foleni hiyo niliwafundisha. Nikasema, "Naendelea vizuri." Naye akaita anayefuata.

Nilirudi kabla ya saa saba. Nilipovuka kizingiti kuingia ndani nilihisi kama nimepandishwa kwenye rafu na mlango wa kabati umefungwa.


Jumanne, 8 Aprili

Ukungu umeota ukutani nyuma ya kitanda changu. Vigae bado ni mia moja arobaini.


Ijumaa, 11 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kwa mpangilio kama nilivyowafundisha wengine.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Kulikuwa na jua kali tangu asubuhi, na Dada alikuwa ameanika mashuka yote arobaini. Alikuwa jikoni anachochea mkaa wa pasi. Mvua haikutoa hata ishara. Ilianguka kwa mkupuo. Dada akaacha kipepeo, akanipita mlangoni, akasema "Shika haya nikikuletea," kama kila siku.

Alileta mzigo wa kwanza. Nikaupokea. Akaleta wa pili. Aliporudia wa tatu alikata njia juu ya ile sakafu ya kufulia, iliyokuwa na sabuni ya asubuhi, na miguu yake ikamtangulia. Aliangukia ubavu. Nilisikia mfupa. Sitaki kuandika mlio wake ulivyokuwa.

Hakupiga kelele. Alilala na shuka juu ya miguu, mvua ikimpiga usoni, akageuza kichwa upande wangu. "Mdogo wangu," akasema. "Nyonga yangu."

Nilikuwa na mashuka mikononi. Niliyaweka chini. Niliyaweka vizuri, nakumbuka, yasichafuke. Nikasogea mpaka vidole vya miguu vikagusa ubao wa kizingiti, na hapo vikasimama. Niliangalia juu. Redio alikuwa kwenye roshani yake, ameinuka, mkono kinywani. Nikawaza: huyu ananiona. Nikawaza: nyumba. Nikawaza kwamba nikitoka na kumwinua, kesho nitakuwa rumande naye atakuwa hana nyonga wala nyumba. Niliwaza haya yote kwa utulivu, kama mtu anayesahihisha karatasi.

Nilimwita Redio. Nilipaza sauti mpaka ikakatika. Alikuwa ameshaanza kushuka. Niliona kitenge chake kwenye ngazi za ghorofa, kisha nikamsikia getini anatikisa chuma.

"Fungua, Mwalimu! Fungua!"

Geti letu lina kitundu ambacho mtu wa nje anaweza kupitisha mkono afikie kufuli, lakini ufunguo hukaa kwenye msumari kando ya mlango wa nyuma. Kando yangu. Niliuchukua. Kutoka kizingitini hadi getini ni mbali kidogo kwa mkono wa mtu wa chaki. Niliurusha. Ulidondoka matopeni, kabla ya geti, karibu na Dada.

Na Dada yangu, aliyevunjika, akautazama ule ufunguo. Akanitazama mimi. Akajiburuta kwa viwiko. Si mbali, labda urefu wa shuka moja, lakini alipumzika mara mbili. Akaushika na kuusukuma kwa kiganja mpaka ukapita chini ya geti. Kisha akaweka shavu lake matopeni na kufumba macho.

Redio alifungua. Alikuwa na dereva wa teksi anayeegesha kwenye kona. Walimfunika kwa shuka, wakambeba juu ya lingine. Tangu aanguke mpaka kubebwa zilipita dakika kama ishirini. Saa ya jikoni ilikuwa mbele yangu muda wote.

Alipofika getini Redio aligeuka. Maji yalikuwa yanamtoka puani.

"Umesimama hapo," akasema.

"Ni mahakama," nikasema. "Siruhusiwi."

Akatoka. Mwanamke asiyekosa neno hakuwa na neno kwangu.


Jumapili, 13 Aprili

Redio amekuja na habari na chakula. Nyonga imevunjika, wamempasua jana na kumtia chuma. Ameamka salama. Sahani aliiweka kizingitini, akasimama upande wa pili.

"Ameniuliza kama umekula," akasema.

Nimemdharau mwanamke huyu kwa wiki sita. Amekaa hospitali usiku mbili na ana macho mekundu. Nikamuuliza kama ndiye anayepeleka habari zangu kituoni. Swali lilinitoka tu. Alinitazama kama niliyeuliza kama yeye ni samaki.

"Mimi huwa namtazama dada yako," akasema. "Siku zote nilikuwa naogopa ataanguka."


Jumatatu, 14 Aprili

Mashuka yaliyobaki bado yako kwenye kamba. Yamenyeshewa siku ya nne. Siwezi kuyafikia.


Alhamisi, 17 Aprili

Askari alikuja saa nne. Alisimama getini, akatazama viatu vyake, akakata tamaa mwenyewe na kuja bila kuniita. Njiani ilibidi ainame mara mbili kupita chini ya mashuka. Yalikuwa yameanza kuota madoa ya kijani.

"Mwalimu, pole na mgonjwa. Lakini mashuka haya mbona yanaozea hapa?"

"Nani ayaanue?"

"Wewe."

"Afande, kazi yako wewe ni kunizuia nisitoke, au kunitega?"

"Utoke wapi?" Alionekana amechanganyikiwa kweli. "Si yako hapo?"

"Amri inasema nisitoke nje ya nyumba."

"Amri haisemi hivyo." Akatoa kijitabu chake mfuko wa kifua, akalamba kidole, akafungua. Alisoma polepole, kwa Kiswahili, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. "Asitoke nje ya nyumba, ua, na vibanda vyote vilivyo ndani ya uzio. Hivi ndivyo tulivyoandikiwa na karani, tusije tukakukamata bure ukiwa unaoga jua." Akafunga. "Mwisho wako ni geti, Mwalimu. Tangu siku ya kwanza."

Nilikitazama kizingiti.

"Mimi nilidhani unaringa," akasema. "Kila Alhamisi naharibu viatu, nasema moyoni, basi tu, wasomi ndivyo walivyo. Kumbe hukuwa..." Hakumalizia. Niliona jambo linamjia. Alitazama ile sakafu ya kufulia, akanitazama miguu, akashusha macho. Ni mtu mpole. Alinipa kalamu nikasaini, akaenda.

Nilikaa jikoni mpaka saa sita. Kisha nikatoka.

Sikuhisi kitu kizingitini. Ni ubao tu, umelika katikati. Nikatembea mpaka pale alipolala. Siku zote hizi nilikuwa nimejiambia ni mbali. Ni hatua tisa, na mimi si mrefu. Nikasimama hapo, nikageuka kuutazama mlango, nikaona alichokuwa anakiona yeye: mlango uko wazi, mtu mzima mwenye afya amesimama ndani yake, mkavu.

Nililia pale, nikiwa wima. Kama Redio aliona, aliona.

Halafu nikaanua mashuka yote yaliyobaki na kuyaloweka upya.


Jumapili, 20 Aprili

Wakili amekuja. Nimemwambia. Nilimwambia haraka haraka, nikiwa nakamua, ili nisimtazame. Alikunja mikono ya shati, akashika ncha ya pili ya shuka.

"Na mimi sikulijua, Mwalimu," akasema. "Nilimuuliza karani siku ile ile."

"Hukuona aibu?"

"Niliona. Kama dakika mbili."

Tulikamua mashuka tisa.


Ijumaa, 25 Aprili

Ngozi ya vidole inatoka. Mwenye nyumba ya wageni ametuma mtu kusema mashuka ya wiki hii yamepigwa pasi vibaya lakini yananukia vizuri. Redio anayapeleka na kuyaleta, maana geti si langu bado. Kesi imeahirishwa tena, mpaka Juni.


Jumamosi, 3 Mei

Dada amerudi. Teksi ilimleta mpaka getini, nami nilikuwa nimesimama upande wa ndani, vidole vimegusa chuma. Hapo ndipo mwisho wangu halisi, na hapo nilisubiri. Redio alimshika mkono mmoja mpaka kwenye geti, mimi nikaupokea. Anatembea na magongo mawili. Amekuwa mwepesi.

Aliponiona nje hakushangaa. Nilimkalisha kwenye kiti karibu na tangi, mahali penye jua, akatazama kamba zake.

"Nani kaanika hivi? Ncha hazikutani."

"Mimi."

"Inaonekana."

Tulikaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa wiki mbili, na yote yalikuwa mazuri, na sikutumia hata moja.

"Dada, lile neno la mahakama sikulijua."

"Neno gani?"

"La kwenye amri. Nilisema nalijua, na sikulijua. Nikakwambia kizingiti. Nilikisia."

Alitazama juu kwenye kamba. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mashuka yangu ya ncha zisizokutana.

"Karani alinieleza," akasema. "Nilipotia dole gumba. Nilimwambia, mwanangu, mimi sikusoma, niambie ninatilia nini. Akanichorea kwenye karatasi: nyumba, ua, kibanda, akapiga duara. Akasema, hapa ndani yote ni pake."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia hata siku moja."

"Ulisema kizingiti. Nikasema, huyu ameaibishwa mbele ya watu, hataki kuonekana hata na jirani, ametafuta neno la kujifichia. Nikakuachia. Ningekuaibisha tena mimi?"

Nilitaka kunyamaza hapo. Lakini nilikuwa nimeshanyamaza vya kutosha mwaka huu.

"Na siku ile ulipoanguka?"

Hakunitazama. Alikuwa anapangusa gongo lake kwa ncha ya kanga, ingawa lilikuwa safi.

"Siku ile nilikuwa naona miguu yako," akasema. "Nikasema, kumbe aibu yake ni kubwa kuliko mimi. Hilo ndilo nililokwenda nalo hospitali. Nyonga haikuniuma kama hilo."

Nilipiga magoti pale kwenye saruji. Nilimwambia anisamehe. Sina kumbukumbu nzuri ya nilivyosema. Sikuwa natunga sentensi.

Akaweka mkono kichwani kwangu. Kisha nikahisi mkono unatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, ameshika nyonga kwa mkono mwingine, machozi yanamtoka.

"Kumbe hukujua tu," akasema. "Loo, mdogo wangu. Kumbe hukujua tu. Usinichekeshe, inauma."

Alicheka kwa furaha. Kwa wiki tatu alikuwa ameamini kwamba nilimpima na nikamwacha, na sasa amepewa ndugu mjinga badala yake, na amempokea kwa mikono miwili. Sikumwambia lililobaki. Kwamba hata kama sharti lingekuwa kizingiti kweli, hatua zingekuwa tisa zile zile. Nadhani analijua. Ananiachia na hilo pia.


Jumapili, 4 Mei

Mvua zinapungua. Dada amelala kidogo baada ya dawa. Nimerudi ukurasa wa kwanza, kujaza zile safu mbili.

Neno: curtilage.

Maana: nyumba pamoja na ua wake na vibanda vyake, vyote vilivyo ndani ya uzio mmoja.

Sentensi: Dada yangu alilala dakika ishirini ndani ya curtilage ya nyumba yake, hatua tisa kutoka miguuni mwangu, nami nilikuwa na ruhusa ya kwenda.

Wingu linakuja kutoka upande wa ghorofa. Redio ameshaniita. Natoka kuanua.